Gemu Maktabani Si Chambo

Mzazi akisikia maktaba imeweka gemu za video, swali humjia papo hapo: kwani vitabu vimewashinda? Wakutubi wengi hujibu kwamba gemu ni chambo tu: kijana aje kucheza, arudi nyumbani na kitabu. Jibu hilo halitoshi. Vijana wana haki ya kuhudumiwa na maktaba kwa kile wanachokipenda, na gemu inayosimamiwa vizuri ni huduma kamili.

Maktaba ya Wilaya ya Ann Arbor, katika jimbo la Michigan, Marekani, iliielewa hoja hii mapema. Mwaka 2004, Eli Neiburger na wenzake walianzisha pale mashindano ya gemu, na mojawapo ya michezo yao ilikuwa Mario Kart: Double Dash, gemu ya mbio za magari. Katika mbio hizo, gari moja hubeba wawili: mmoja hushika usukani, mwenzake nyuma huwarushia wapinzani maganda ya ndizi. Mashine 8 zikiunganishwa kwa nyaya, watu 16 hucheza kwa pamoja. Wawili wasiposikilizana, huishia mkiani. Miaka minne baadaye, Chama cha Maktaba cha Marekani kilianzisha siku ya kitaifa ya michezo maktabani.

Tulinganishe na saa ya hadithi ambayo maktaba huwaandalia watoto wadogo. Hakuna anayewahesabia vitabu walivyoazima ndipo aseme imefaulu. Tunajua mtoto amekaa na wenzake, amesikiliza, ameizoea maktaba. Kijana wa miaka 15 naye anahitaji saa yake.

Hata kusoma kumo. Mtafiti Constance Steinkuehler, aliyewachunguza wachezaji wa gemu ya World of Warcraft, alionyesha kwamba vijana wanaotatizika kusoma shuleni huyamudu maandishi magumu yanapohusu mchezo wanaoupenda. Hamu huwafanya wavumilie sentensi ngumu ambazo kwingine wangeziacha.

Hata hivyo, kuweka runinga na mashine kwenye kona hakutoshi. Katika vibanda vya gemu mitaani kwetu, mwenye hela ndiye anayecheza. Maktaba inaweza kumpa kila mmoja zamu bila malipo, mradi iwe na ratiba inayojulikana, chumba kisichowasumbua wasomaji, na gemu zinazolingana na umri. Alama za umri za PEGI zinazowekwa kwenye gemu, yaani 3, 7, 12, 16 na 18, husaidia kuchagua. Muhimu zaidi, vijana wenyewe wapewe kazi: mmoja apange ratiba ya mechi, mwingine aandike matokeo ubaoni, wa tatu atangaze mchezo kwa kipaza sauti. Hapo ndipo wanapojifunza kuongoza, kuamua kwa haki na kukubali kushindwa.

Mkutubi anayetaka kupima mafanikio aangalie kama vijana wanarudi, kama wanaleta wenzao, na kama wanamwendea wakiwa na swali. Kijana anayemwamini mkutubi wake ataijua njia ya kwenda kwenye rafu siku atakapohitaji kitabu.