Uko bara na unataka kumuona kasa? Soma kwanza hapa

Tangu niliporudi Mafia mwaka jana na kuwaonyesha watu picha mbili tatu, swali ni lile lile kila siku: "Hivi sisi wa Dodoma tukitaka kuwaona hao kasa tunafanyaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo najibu kwa mkupuo. Ila naanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Desemba 2023 nilimuahidi binti yangu (alikuwa na miaka tisa) kwamba tukienda pwani lazima amuone kasa. Sikuuliza mtu, sikusoma chochote. Nikachukua likizo, tukapanda basi hadi Dar, tukavuka bahari, nikaanza kuuliza pale tulipofikia. Jamaa mmoja akasema twende, kasa wapo wengi. Tukalipa kiingilio, tukaingizwa sehemu yenye dimbwi, na kweli kasa walikuwepo, wakubwa kwa wadogo. Unapewa majani, unawalisha, wanakuja mpaka mkononi. Watu wanapiga picha, wengine wameingia majini kabisa wanawashika magamba. Binti alifurahi kama dakika tano hivi. Halafu akaniuliza, "Baba, hawa wanaenda wapi wakimaliza kula?" Nikamwambia hawaendi, wanakaa hapa. Akanyamaza. Njia nzima ya kurudi alikuwa kimya, mpaka Morogoro ndipo aliposema, "Bado hujanionyesha." Iliniuma, maana hela nilikuwa nimeshatumia.

Sisemi madimbwi yote ni mabaya. Wapo wanaopokea kasa walionaswa na wavuvi, wakawatibu na kuwarudisha baharini. Lakini kama unalipa, uliza maswali matatu tu: huyu kasa alifikaje hapa, ataachiwa lini, na kwa nini watu wanaruhusiwa kumshika. Ukiona jibu linazungukazunguka, bora hela yako ukanywee soda.

Turudi kwenye somo. Kasa siyo kobe. Sisi wa bara tunamjua kobe, yule wa porini, na ndugu zake wanaokaa kwenye mito na maziwa. Kobe ukimgusa anaficha kichwa. Kasa hawezi, kichwa chake hakiingii kwenye gamba, na miguu yake imekuwa makasia. Duniani wako aina saba, na bahari ya Tanzania ina tano kati ya hizo. Utakaowasikia zaidi ni wawili: kasa wa kawaida, yule mla majani ya baharini, na ng'amba, mwenye mdomo kama wa ndege na gamba zuri ambalo ndilo lililomponza, maana kwa miaka mingi lilitengenezewa vitana na bangili. Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtoa huyu wa kawaida kwenye orodha ya walio hatarini, baada ya kuona idadi yake duniani imepanda. Ng'amba bado yuko pabaya sana.

Sasa jambo ambalo sikulijua ile Desemba ni kwamba kasa ana msimu, na ana ratiba yake ambayo haijali likizo yako. Jike hupanda ufukweni usiku, tena ule ufukwe wa maeneo aliyozaliwa mwenyewe, anachimba shimo kwa makasia ya nyuma, anataga mayai mia na ushee, anafukia, anarudi majini. Baada ya wiki mbili hivi anarudi tena, na tena, mara kadhaa kwa msimu mmoja. Akimaliza anaweza kukaa miaka miwili hadi minne bila kutaga. Kumuona mama akitaga ni bahati, halafu ni usiku wa manane, na ukiwasha tochi vibaya anageuza anaondoka bila kutaga. Kwa mtu aliyesafiri na mtoto kutoka bara, mimi nasema usikimbilie huko. Nenda kuona watoto wakitoka. Hilo linakadirika.

Linakadirika vipi? Hapo ndipo kuna watu wa kuwashukuru. Kwenye fukwe kadhaa za Tanzania kuna wanavijiji wanaotembea kila asubuhi kutafuta nyayo za kasa (zinafanana na njia ya tairi la trekta kwenye mchanga). Wakikuta kiota wanaandika tarehe, na kama kiko mahali ambapo maji yatakifikia wanayahamisha mayai juu zaidi. Kazi hii inaratibiwa na taasisi ya Kitanzania inaitwa Sea Sense, iliyoanzia Mafia mwaka 2001. Mayai hukaa mchangani siku hamsini na kitu hadi sitini hivi, kutegemea joto. Kwa hiyo mwenye daftari anaweza kukwambia kiota fulani kitapasuka wiki gani, hata siku gani, kwa kukisia.

Na joto hilo lina maajabu yake. Yai la kasa linapotagwa, mtoto aliye ndani hajapangiwa jinsia bado. Mchanga ukiwa wa moto zaidi wanatoka majike, ukiwa wa baridi kidogo wanatoka madume, mpaka uko kwenye nyuzi 29 hivi. Pwani ikizidi kuwa ya moto, utafika wakati madume yataadimika. Ukikata miti iliyokuwa inaweka kivuli ufukweni unaongezea humo humo.

Mahali nilipokwenda mimi ni kisiwa cha Juani, Mafia. Watoto hutoka zaidi kati ya Juni na Septemba, na hiyo ni bahati kwa wenye watoto, kwa sababu Juni shule zinafungwa. Tuliondoka Dodoma kwa treni ya SGR. Ilipoanza kuja Dodoma mwaka 2024 nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000, na masaa manne hayafiki umeshaingia Dar. Kabla ya hapo safari ya namna hii ilikuwa inakula siku nzima ya basi kila upande, ndiyo maana wengi wetu tulikuwa tunaiahirisha. Tukalala Mbagala, asubuhi tukashika gari la Nyamisati, kule Kibiti. Pale unapanda chombo cha kwenda Kilindoni. Uliza muda mapema, kwa kuwa saa ya kuondoka inafuata maji. Na Juni ni kusi! Mimi mtu wa nchi kavu nilitapika mara mbili, binti yangu anakula karanga tu ananiangalia.

Kutoka Kilindoni unakwenda Utende, ambako ndiko lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995. Kuna kiingilio, na Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho chako cha taifa. Wapo watakaokwambia kutazama kasa ni mambo ya wazungu wenye hoteli. Uongo. Tulilala nyumba ya wageni ya kawaida tu, na mwenye nyumba akatuunganisha na watu wa kasa kwa simu. Sehemu ya ile hela ya kutazama inabaki kijijini, na ndiyo inayomfanya mtu aone kiota kina faida kikiachwa kuliko kikifukuliwa.

Tulipangiwa siku ya pili. Mashua mpaka Juani, halafu mguu kukatisha kisiwa kwenda upande wa bahari kuu, njia ya mawe ya matumbawe (vaeni viatu, siyo ndala). Pale ufukweni tukamkuta mzee mmoja amekaa chini ya mti na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmetoka wapi?"

"Dodoma."

Akacheka. "Dodoma? Kufuata kasa? Haya, kaeni."

Tukakaa. Alasiri ikaingia, jua likapungua, kiota kimya. Mzee akaweka sikio karibu na mchanga, akatikisa kichwa. "Leo hawatoki. Wako njiani, lakini leo siyo." Akatueleza kwamba watoto wakishavunja mayai hawatoki mmoja mmoja. Wanachimba kwa pamoja kwenda juu, siku kadhaa, mmoja akitikisika anamwamsha mwenzake, na wakikuta mchanga wa juu bado wa moto wanatulia mpaka upoe. Ndiyo maana wengi hutoka jioni au usiku.

Hapo wadau nilikuwa na tatizo. Hela niliyobeba ilikuwa ya siku mbili. Kuongeza siku ya tatu kulimaanisha kula nauli ya kurudia Dodoma. Nilimuangalia yule mtoto, hakusema neno, na kimya chake nilikuwa nakijua tangu ile safari ya kwanza. Nikampigia shemeji yangu Dar, akanitumia kwenye simu, akaniambia, "Yaani shemeji unakopa kwa ajili ya kasa?" Nikamwambia ndiyo.

Kesho yake, kama saa kumi na nusu, mchanga ukatitia katikati ya kiota kama mtu kauvuta kwa chini. Kikatoka kichwa kimoja cheusi, kikatulia. Halafu kingine. Halafu, jamani, ule mchanga ukachemka kama ugali. Nilihesabu mpaka 70 nikapotea. Kila mmoja anaenea kwenye kiganja, na wote wanaelekea upande mmoja.

Kuna masharti na mzee hakuwa na mchezo nayo. Hakuna kusimama mbele yao, hakuna mwanga wa kamera, na hakuna kumbeba mtoto wa kasa kumpeleka majini hata ukimuonea huruma. Wanaelekea palipo na mwanga zaidi, na kwa asili usiku huo ni upande wa bahari. Weka taa ya hoteli nyuma yao na watageuka waende kwenye taa wafie barabarani. Na huko kutambaa wenyewe kunaaminika ndiko kunakowawezesha kuukumbuka ufukwe wao, ambako majike yatarudi kutaga baada ya miaka ishirini na zaidi. Kunguru mmoja alijaribu kushuka, binti yangu akamfukuza kwa kitenge. Mzee alimuacha. Kaa mmoja naye akamkamata mtoto wa kasa mguuni akamvuta kwenye tundu lake, na hilo tulilitazama tu, maana mzee alisema kaa naye yuko kwao.

Wanakadiria mmoja kwa elfu ndiye anayefika utu uzima. Binti akauliza, "Kwa hiyo hapa hata mmoja hafiki?" Mzee akamjibu, "Mjukuu wangu, ndiyo maana tunalinda viota vingi."

Niseme kidogo kuhusu nyama, maana kuna msomaji aliniuliza kama ni kweli ina nguvu. Kwanza sheria inakataza kuvua, kuuza na kula kasa, nyama na mayai pia. Pili, inaua. Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba baada ya kula kasa. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba hiyo hiyo, wakafa watoto wanane na mama mmoja, na watu 78 wakalazwa. Sumu hiyo haitoki kwa kupika, na huwezi kumtambua kwa macho kasa mwenye nayo. Kwa hiyo hata ukiletewa kipande Dodoma na mtu unayempenda, kataa. Lakini wanaokufa wengi zaidi ni kasa wenyewe, ndani ya jarife, zile nyavu za macho makubwa zinazotegwa kwa papa na taa. Kasa anavuta hewa kama sisi. Akinaswa chini anakufa maji.

Halafu kuna hili nililogundua baada ya kurudi na kuangalia ramani. Sisi tunasema tuko mbali na bahari. Lakini yale makorongo ya Dodoma, yanayojaa siku mbili na kukauka, mengi yanamwaga Kinyasungwe. Kinyasungwe inakwenda kuwa Mkondoa, Mkondoa inaingia Wami, na Wami inatoka baharini pale Saadani, hifadhi ambayo ina ufukwe wa Madete, wanakotaga kasa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, sawa, lakini chupa na viroba bado naviona kwenye korongo nyuma ya nyumba yangu, na mvua ya Januari ikija asubuhi havipo. Siyo vyote vinafika, vingine hubaki mabwawani. Ila mfuko unaoelea majini unafanana sana na yavuyavu, na wapo kasa ambao yavuyavu ndicho chakula chao.

Jioni ile mzee alisubiri kiota kitulie, akaandika idadi kwenye daftari, akatuambia atarudi kukifukua baadaye kuhesabu maganda na kutoa waliokwama chini. Ilibidi tukimbilie mashua kabla maji hayajapwa. Njiani nikamuuliza binti, "Sasa nimekuonyesha?" Akasema, "Ndiyo. Lakini wakubwa bado."

Kwa hiyo safari ijayo, Mungu akipenda, tutajaribu Madete. Mwenye uzoefu na ile barabara ya kuingia Saadani kutokea Mandera wakati wa mvua, naomba atujuze kama gari dogo linapita.