Uhakiki wa Kuonekana kwa Kurasa za Kiswahili za Arua na Koboko katika Injini za Utafutaji

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, tangazo la Kiswahili likiwekwa katika tovuti ya Wilaya ya Arua au Koboko, halionekani katika Google mpaka liingizwe katika faharasa yake. Uhakiki wa awali ni kuandika site:koboko.go.ug pamoja na maneno yaliyomo ukurasani. Ukurasa usipotokea, hilo si thibitisho kamili, kwa kuwa amri hiyo haionyeshi kurasa zote. Mwenye tovuti ahakikishe kupitia Search Console. Vizuizi vya kawaida ni agizo la noindex na ukosefu wa viungo vinavyoelekea ukurasani. Inapendekezwa wilaya zifanye uhakiki huu kila zichapishapo, kwani mwananchi atafutaye kwa Kiswahili asipoliona tangazo hudhani halikutolewa.