Gari ya Umeme na Njia ya Nungwi

Siku hizi gari za umeme zimekuwa mazungumzo ya barazani na ya maofisini pia, na swali linaloulizwa kwanza ni hili: inakwenda kilomita ngapi kabla ya betri kumalizika? Swali hilo lina haki yake, walakini kwetu sisi watu wa visiwani si hilo lililopasa kutangulia. Urefu wote wa kisiwa cha Unguja ni kiasi cha kilomita 85. Mtu anayekaa Fuoni na kufanya kazi mjini, akenda na kurudi, akapitia sokoni na kuwachukua watoto skuli, aghalabu hatimizi kilomita 40 kwa siku. Gari yoyote ya umeme iliyo nzima huimaliza safari hiyo na kubakisha. Mashaka yako kwingine: katika namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, katika umri wa betri, na katika ukuta wa nyumba ambamo gari hiyo italala ikinywa umeme.

Tuanze na namba. Mwezi wa Disemba 2010 kampuni ya Nissan ya Japani ilianza kuuza gari inayoitwa Leaf, ambayo leo ni miongoni mwa gari za umeme zilizotumika zinazopatikana kwa bei nafuu. Betri yake ya kwanza ilibeba uniti 24, uniti zile zile tunazozinunua kwa mita majumbani. Gari hiyo moja, ilipopimwa kwa kanuni za Japani, iliandikiwa kilomita 200. Ulaya ikaandikiwa 175. Marekani, ambako wapimaji hukata sehemu ya matokeo ili yakaribie hali halisi ya barabarani, ikaandikiwa maili 73, yaani kilomita 117. Hapana aliyesema uongo. Kila mmoja alipima kwa kanuni zake. Basi mnunuzi anayeonyeshwa karatasi ya Kijapani na aichukue kama bei ya kuanzia sokoni, ambayo kila mtu anajua kuwa siyo itakayolipwa.

Hali ya visiwa vyetu kwa upande mmoja inatufaa. Hewa huisukuma gari nyuma kwa nguvu inayoongezeka upesi kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukiwa mara mbili, msukumo huwa mara nne. Barabara zetu hazina mbio za namna hiyo. Aidha, gari ya umeme inapopunguza mwendo hurejesha sehemu ya nguvu katika betri, kwa hiyo msongamano wa Darajani, ambao ni hasara tupu kwa gari ya petroli, huidhuru gari hii kidogo tu. Wala hatuna baridi. Nchini Norway, ambako mwaka 2024 karibu gari tisa katika kila kumi mpya zilizouzwa zilikuwa za umeme, madereva wanajua vyema jinsi majira ya baridi yanavyofupisha safari.

Lakini baridi huazima na kurejesha. Joto huchukua moja kwa moja. Betri inayokaa juani miaka na miaka hupoteza uwezo wake, na uwezo huo haurudi kwa kuchajiwa. Wenye Leaf wa jimbo la Arizona, Marekani, waliyaona hayo mnamo 2012, maana betri ya gari hiyo haina maji ya kuipoza. Kaskazi yetu si jangwa la Arizona, lakini ni joto, na gari inayoshushwa hapa huwa tayari imeshatumika miaka mingi kwa wenyewe.

Sasa tupige hesabu. Katika uniti 24 zile, zinazotumika barabarani ni kama 21. Betri ikichakaa hata ikabaki na theluthi mbili, utapata uniti 14. Kwa mwendo wa wastani na kiyoyozi kikiwashwa mara moja moja, uniti moja hukupeleka kilomita 6 au 7. Hiyo ni kama kilomita 90. Kutoka mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60; kwenda na kurudi ni 120. Aliyetoa akiba yake yote ili achukue wageni atafika Nungwi salama, kisha hatorudi. Ndiyo sababu, kabla ya kutoa pesa, atake gari iwashwe mbele yake na atazame ile safu ya vijistari kumi na mbili vya uzima wa betri, kando ya alama ya chaji. Betri iliyojaa chaji si lazima iwe nzima.

Kuhusu kuchaji, watu hutishana bure. Husemwa kwamba gari yenye betri ya uniti 40 hukaa saa kama 20 kwenye soketi ya nyumbani. Ni kweli, ikiwa betri ni tupu. Lakini nani kati yetu huimaliza kila siku? Aliyekwenda kilomita 40 anahitaji kurejesha uniti 6 au 7, nazo huingia kwa saa tatu au nne usiku. Ila afahamu kwamba gari inayochajiwa ni kama birika la umeme linalochemka saa zote hizo bila kuzimwa. Waya wa nyumba kongwe, au ule wa kuunganisha uliopitishwa dirishani, haukufanywa kwa kazi hiyo. Huota moto polepole, na wenyewe wamelala. Na vifaa vya kuchajia vilivyotengenezewa Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100 na wa vyombo vikubwa volti 200, visichomekwe katika volti 230 zetu kabla fundi hajavikagua. Akague na waya wa ardhini.

Wakuu wetu nao wana sehemu yao. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari, kwa waya wa 1980 na ule mkubwa wa 2013, na hapana aliyesahau miezi mitatu ya kiza iliyoanza Disemba 2009. Magari yakichomekwa yote saa moja za usiku, wakati kila nyumba inapika na kuwasha taa, mzigo utaangukia saa ile ile iliyo nzito. Bei nafuu baada ya saa nne usiku ingeuhamisha bila ya amri. Tena kuna jambo la midomo ya kuchajia: Japani imetumia CHAdeMO, Ulaya CCS, China wana wao, na haviingiani. Iteuliwe mapema itakayowekwa katika vituo vya serikali. Na vituo vyenyewe, tafadhali, visirundikwe mjini, ambako kila mtu amekaribia kwake. Vinahitajika Nungwi, Paje na Makunduchi, na Pemba vihitajike Konde na Mkoani, pale barabara inapokwisha.