Ufa unauona wewe, anayeamua ni nani?



Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu Jumamosi ile ya tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi. Lile la Machi 2013, Mtaa wa Indira Gandhi, lilikuwa bado linajengwa. Hili lilikuwa na maduka, asubuhi watu wanauza na kununua kama kawaida. Walikufa zaidi ya 20. Rais akaagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Safi, ila mkaguzi anakuja na kuondoka, jengo linatumika kila siku.

Sasa tuulizane, nani hasa anajua hali ya jengo la ofisi na maduka pale mjini? Mwenye nyumba anaonekana siku ya kodi. Anayejua ni mama anayedeki ngazi, mlinzi wa usiku, na yule dada wa steshenari ambaye mlango wake umeanza kukwama bila sababu. Mlango kukwama, ufa unaopanuka, bomba linalovujia nguzo, hizo ndo dalili zenyewe. Maji yakifika kwenye nondo inashika kutu, kutu inavimba, inapasua zege, halafu maji yanapata njia kubwa zaidi. Ukipiga plasta na rangi juu yake umeficha tu.

Lakini hao wanaoona hawasemi. Mwenye fremu Kariakoo pengine katoa kilemba kikubwa kuipata, akilalamika sana anaogopa kesho ataambiwa ahame. Mlinzi naye anaogopa kibarua. Ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya 2008, inayotaka wenye sehemu wawe na umoja na wachangie matunzo ya vile vya wote, kama paa na ngazi. Nzuri, ila mpangaji si mwenye sehemu, na jengo likiwa la mtu mmoja umoja huo haupo.

Jengo moja nililowahi kupanga mjini, pampu ya maji ilikufa tukagoma kuchanga, kwa sababu mchango wa kwanza hatukujua ulienda wapi. Kilichotutoa ni kitu kidogo sana: daftari kwa mlinzi. Ukiona tatizo unaandika, na risiti ya fundi inabandikwa humo. Mwenye nyumba hakulipenda mwanzoni! Baadaye akawa analisoma mwenyewe kabla ya kupanda juu.

Daftari lina mipaka yake, jamani. Mambo ya nguzo na msingi si ya fundi wa mtaani, ni ya mhandisi aliyesajiliwa, kwa kibali cha Jiji, na wapangaji wote waambiwe kabla nyundo haijagonga. Ukikuta chini wanachimba au wanavunja nguzo na juu watu wanauza, usisubiri kikao. Toka, toa na wenzako, pigia Zimamoto 114.

Naomba kuwasilisha.