Sampuli Zinapopandishwa Ndege Kisangani

Mwaka 2007, huko Opala katika mkoa wetu wa Tshopo, nchini Kongo, watafiti waliokuwa wakichunguza msitu wa Lomami walikuta tumbili wa kufugwa ambaye hakuwamo katika kitabu chochote cha sayansi. Wawindaji wa pale walimjua zamani kwa jina la lesula. Alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2012, na sehemu ya ushahidi ilikuwa vinasaba vyake vilivyosomwa katika maabara za Marekani. Ushirikiano ule ulikuwa wa haki na wenye faida. Lakini njia ileile ya sampuli, kutoka msituni hadi ng'ambo, ndiyo wanayopitishwa pia vijana wengi wanaosomea doktora ya jenetiki: wanakusanya huku, wanachambua Ulaya kwa miezi michache, kisha wanarudi na shahada. Mtafiti aliyelelewa hivyo, hata awe hodari namna gani, hajaiva. Kazi ya jeni hujifunzwa kwa kukosea na kurudia mahali ambapo mtu ataifanyia maisha yake yote, na kwa kijana wa hapa, mahali hapo ni Kisangani.

Historia ya Ebola inatuonyesha tofauti. Ugonjwa ulipozuka Yambuku mwaka 1976, damu ya wagonjwa ilisafirishwa nje, na virusi vikatambuliwa na maabara za kigeni. Jean-Jacques Muyembe, mtafiti Mkongo aliyefika Yambuku siku zile za mwanzo, tayari alikuwa na doktora ya Leuven. Elimu alikuwa nayo. Nchi haikuwa na maabara ya kuipokea. Katika mlipuko wa Kivu na Ituri wa 2018 hadi 2020, wataalamu wa INRB, taasisi ya utafiti wa kitabibu ya Kinshasa ambayo Muyembe aliijenga kwa miaka mingi, wakiwemo watafiti wa kizazi cha Placide Mbala, walisoma jeni za virusi humuhumu nchini wakati ugonjwa ukiendelea. Mbala naye alisomea doktora ng'ambo, Ufaransa, kwa hiyo siwezi kudai kwamba kwenda nje kunaharibu. Ninachosema ni kwamba yeye alikuwa na meza ya kazi ya kurudia. Asiyekuwa nayo hurudi akawa mwalimu wa darasa tu, akifundisha saa nyingi kwa mshahara mdogo, na makala zake za kisayansi hukoma na ile ya mwisho aliyoiandika na msimamizi wake wa Ulaya.

Wapo watakaosema umeme wa Kisangani haufai kwa maabara. Ni kweli mitambo ya bwawa la Tshopo, lililojengwa enzi za ukoloni, huharibika mara kwa mara. Lakini mwaka 2015, nchini Guinea, watafiti walisafirisha maabara ya kusoma jeni ndani ya mizigo ya kawaida ya ndege. Kifaa chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kiganja, kikichomekwa kwenye kompyuta ya mkononi, na majibu ya Ebola yaliweza kupatikana ndani ya saa 24. Kinachokwamisha zaidi ni kemikali: zinataka baridi, hulipwa kwa dola na huweza kukwama forodhani. Hilo ni tatizo la bajeti na utaratibu, nalo hutatuliwa kwa kupangwa mapema. Paneli za jua na friji nzuri hazigharimu kama kuwapeleka wanafunzi Ubelgiji mwaka baada ya mwaka.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mji wenye shida ya maji safi utafute jeni za nini? Waulizwe wazazi wenye mtoto wa SS. SS, yaani selimundu, ni ugonjwa wa kurithi, na nchini mwetu watu wengi hubeba jeni yake bila kujua. Kupima watoto wachanga kunahitaji watu wanaoielewa kazi hiyo na wanaokaa hapa. Waulizwe pia wakulima. Kahawa ya robusta ya mwituni bado inaota katika misitu ya Yangambi, kilomita zipatazo 100 kutoka mjini, ambako INEAC, taasisi ya kikoloni ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933, ilifanya kazi zake. Ugonjwa wa mnyauko uliiteketeza kahawa ya kaskazini-mashariki ya Kongo, ukaonekana Uganda mwaka 1993, na huko wataalamu wakatafuta miche inayoustahimili. Utajiri wa jeni wa kutafutia miche kama hiyo uko kwetu. Kuuacha usomwe na wageni peke yao ni hasara tunayoilipia shambani.

Basi wanaotia saini mikataba ya doktora, serikali na wafadhili wa Ulaya kwa pamoja, wasiishie kwenye tiketi ya ndege na posho ya miezi sita. Waandike pia kwamba angalau nusu ya uchambuzi utafanyika Kisangani, na kwamba kemikali zitalipiwa kwa miaka mitatu baada ya mwanafunzi kutetea tasnifu yake. Mkataba usio na vipengele hivyo, chuo kikuu cha hapa kiukatae.