Padre Kim En Joong: Urithi wa Korea na Ulaya katika Nuru ya Vioo vya Rangi

Waamini wengi tumezoea kuona katika madirisha ya makanisa sura za watakatifu na matukio ya Injili. Lakini katika Basilika ya Mtakatifu Juliani mjini Brioude, nchini Ufaransa, madirisha 37 yaliyowekwa kati ya mwaka 2006 na 2009 hayana sura ya mtu yeyote. Humo mna rangi na nuru tu. Ndipo swali linapozuka: je, picha isiyo na sura yaweza kumsaidia Mkristo kusali?

Aliyeyabuni ni Padre Kim En Joong, Mdominikani aliyezaliwa Korea mwaka 1940. Alisomea uchoraji mjini Seoul, akabatizwa akiwa mtu mzima, kisha akaenda Fribourg, Uswisi, alikojiunga na Shirika la Wadominikani. Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1974, na tangu mwaka uliofuata ameishi Paris.

Katika kazi zake hukutana urithi wa aina mbili. Kutoka Mashariki umetoka mkono wa mwandika wino: mguso wa brashi haufutiki, kwa kuwa karatasi hunywa wino papo hapo; na nafasi iliyoachwa wazi ni sehemu ya picha, kama kimya kilivyo sehemu ya sala. Kutoka Ulaya umetoka ufundi wa vioo vya rangi, ambao kazi yake hukamilishwa na jua. Dirisha la asubuhi si lile la jioni.

Wapo wanaodhani kwamba anayepokea imani kutoka kwa wageni hana budi kuuacha urithi wa wazee wake mlangoni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba Kanisa halikujifanyia mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake. Lililazimu ni kwamba sanaa hiyo itumikie ibada kwa heshima inayostahili.

Historia yenyewe yashuhudia muungano huo. Miongoni mwa mashahidi 103 waliotangazwa watakatifu na Papa Yohane Paulo II mjini Seoul mwaka 1984, 93 walikuwa Wakorea na 10 wamisionari Wafaransa. Wafaransa waliimwaga damu yao Korea. Leo mwana wa Korea anaipamba nyumba ya Mungu Ufaransa.

Basi, turudi kwenye swali letu. Madirisha haya hayachukui nafasi ya Msalaba wala ya altare, huviangazia. Mwamini hatakiwi kutafuta “maana” ya kila rangi. Aketi, anyamaze, aache nuru imfikie, naye amkumbuke Yule aliyesema kwamba ndiye nuru ya ulimwengu.