Fahamu: Solapanki, mtindo wa kuchora kesho njema

Michoro mingi ya miaka ijayo ni ya giza: majiji ya moshi, mvua isiyokatika, taa za neoni. Solapanki, jina lililoanza kutumika mwaka 2008, huchora kinyume: sola juu ya paa, mboga kwenye roshani, watu wakikarabati vitu badala ya kuvitupa. Mistari yake imeazimwa kwa Art Nouveau, sanaa ya Ulaya ya mwishoni mwa karne ya 19 iliyojipinda kama mimea. Mandhari, kwa filamu za Studio Ghibli ya Japani.

Tatizo ni uzuri wenyewe. Mwaka 2021 tangazo la mtindi wa Chobani lilichorwa hivyo, na lilipendeza kweli. Lakini ghorofa lililofunikwa miti bado ni zege. Mchoraji makini huonyesha pia nani anaimwagilia, na maji yanatoka wapi.